Upimaji wa Ubora wa Maisha ya Watu Wazima Wenye Hemofilia

Makala haya yanafafanua kwa nini hojaji moja haitoshi kupima ubora wa maisha ya watu wazima wenye hemofilia, ugonjwa wa kurithi unaotokana na upungufu wa protini ya kugandisha damu, namba VIII au IX. Damu inapovujia mara kwa mara ndani ya magoti, viwiko na vifundo vya miguu, viungo hivyo huharibika na maumivu huwa ya kudumu. Hojaji ya SF-36, yenye maswali 36, humlinganisha mgonjwa na watu wengine, lakini haiulizi kuhusu matibabu ya sindano wala hofu ya kuvuja damu. Haem-A-QoL, iliyobuniwa mahususi kwa wagonjwa hawa, ina maswali 46 katika nyanja 10, zikiwamo kazi, matibabu, mahusiano na matarajio ya baadaye. Zote hutoa alama 0 hadi 100. Hata hivyo, alama kubwa katika SF-36 huashiria hali njema, ilhali katika Haem-A-QoL huashiria hali mbaya. Aidha, mgonjwa aliyezoea ulemavu tangu utotoni huweza kuieleza hali yake kuwa njema ingawa viungo vyake vimeharibika. Kwa hiyo, alama nzuri pekee hazihalalishi kupunguzwa kwa dawa. Sharti zisomwe pamoja na matokeo ya uchunguzi wa viungo.