Siri ya 'likikimbia' gari linapochemka

Jirani yangu hapa Runyenjes, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshanunua feni mpya na bado gari lake lilimsumbua. Juzi niliandamana naye kwa fundi mwingine. "Gari imechemsha tena," akalalamika. Fundi hakushika spana. Aliuliza tu: "Huwa inachemsha ukiwa wapi, Mwalimu?"

"Nikishafika Mwea, nikikanyaga mafuta. Kwa jam ya Embu haina shida."

"Basi feni haikuwa na makosa."

Tuanze na lugha. Kwa Kiswahili sanifu, gari 'limechemka'. 'Chemsha' ni kauli ya kusababisha na hudai yambwa: mpishi huchemsha maji. Hata hivyo, kosa hilo halimpotezi fundi. Kinachompoteza ni sentensi isiyokamilika. Kiambishi '-me-' humwarifu kwamba jambo limetokea, basi. 'Hu-' humwambia ni mazoea, nacho '-ki-' cha masharti humpa mazingira: gari huchemka likikimbia. Ugunduzi wote huanzia kwenye '-ki-' hicho.

Kwa nini? Gari likikwama kwenye foleni, rejeta hutegemea upepo wa feni. Likichemka hapo na kupoa likishika mwendo, shuku feni. Likikimbia kilomita 100 kwa saa, upepo wa barabarani huifanya kazi hiyo. Lakini joto nalo huongezeka, kwani mwendo ukiwa maradufu, nguvu inayohitajika kuushinda upepo huwa mara nane. Maji yasipozunguka vya kutosha, au rejeta isipoweza kuyapoza, mshale hupanda.

Washukiwa basi ni hawa: maji yaliyopungua, rejeta iliyozibwa ndani na kutu, au nje na matope na wadudu, themostati isiyofunguka sawasawa, pampu ya maji iliyolika, na mpira wa chini wa rejeta uliolegea. Maji yakipungua bila kuvuja, na mapovu yakionekana ndani yake, huenda gasketi ya hedi imeungua.

Fundi alifungua boneti, akaongeza moto wa injini. Mpira wa chini ukanywea kama mrija wa soda ulioziba. Pampu ilikuwa ikivuta maji yasiyopita! Mpira mpya ulimgharimu Mwalimu pesa kidogo kuliko feni ile, na safari ya Thika iliyofuata mshale ulitulia.

Tahadhari moja: gari likichemka, egesha kando, zima injini, usubiri ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Maji yaliyo chini ya shinikizo hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, hukurukia usoni.

Nawe ukienda gereji, usiseme 'limechemka' ukanyamaza. Sema huchemka lini, likifanya nini. Sarufi hiyo itakuokolea pesa.