Kikombe cha Fedha Kilichopungua

Sikilizeni, wanangu. Mwaka 1963 serikali ya Japani ilianzisha desturi nzuri: kila aliyetimiza miaka 100 alitunukiwa kikombe cha fedha halisi, kifupi na kipana. Nchi nzima, waliofikia umri huo walikuwa 153 tu. Hazina ingeshindwaje?

Miaka ikasonga, wazee wakaongezeka. Mwaka 2009 kikombe kikapunguzwa ukubwa. Mwaka 2016 hata fedha halisi ikaachwa, kikawa cha madini mengine yaliyopakwa fedha juu. Na mwaka 2025 wenye miaka 100 na zaidi walifika 99,763, karibu tisa katika kila kumi wakiwa wanawake!

Wamefikaje huko? Tangu 1961 kila Mjapani ana bima ya afya. Kifua kikuu, kilichokuwa kikiwamaliza vijana, kilidhibitiwa. Watu wakapunguza chumvi, na vifo vya kiharusi vikapungua. Hiyo ni neema, wala asiwaambie mtu kwamba wazee wengi ni balaa.

Ila nchi haizeeki kwa wazee kuishi sana peke yake. Tazameni upande wa watoto. Mwaka 1947 mwanamke wa Japani alizaa kwa wastani watoto zaidi ya wanne. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 1.2. Siku hizi vijana huchelewa kuoa na kuolewa, kazi huwaweka ofisini hadi usiku, na nyumba za mijini ni ghali. Sasa pigeni hesabu: mabibi wawili na mababu wawili, wazazi wawili, mjukuu mmoja.

Kinachonishtua zaidi ni kasi ya nchi hiyo kuzeeka. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka 100 kwa watu wa miaka 65 na kuendelea kutoka asilimia 7 ya wananchi hadi 14. Japani ilitumia miaka 24, kutoka 1970 hadi 1994, na leo wamefika kama asilimia 29. Shule nyingi za vijijini zimefungwa. Huko Nagoro, kisiwani Shikoku, mama mmoja aitwaye Tsukimi Ayano ameshona wanasesere wakubwa kama watu, akawaweka mashambani na hata katika madarasa ya shule iliyobaki bila wanafunzi.

Lakini Wajapani hawakukaa kulia. Mwaka 2000 walianzisha bima ya matunzo ya uzeeni, ambayo kila mtu huanza kuichangia akifika miaka 40. Ndiyo inayosaidia kumlipa mhudumu anayekuja nyumbani kumwogesha bibi asiyeweza kusimama. Mimi naipenda sheria hii kwa moyo wote, kwa sababu zamani kazi hiyo iliangukia mke wa kifungua mimba wa kiume, na mara nyingi aliifanya peke yake, miaka nenda miaka rudi.