Lubumbashi: Kusoma historia bila kuacha gitaa

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, familia nyingi za Hewa Bora, mjini Lubumbashi, hurudia mazungumzo yale yale: mtoto aende kusoma nini kwenye chuo kikuu? Anayetaja udaktari, sheria au uhandisi wa migodi hupata baraka za wazazi mara moja. Anayetaja historia huulizwa atakula nini. Naye anayeongeza kwamba anataka kuendelea na muziki huambiwa achague moja, kwa sababu gitaa si masomo.

Swali la wazazi ni la haki, maana pesa za masomo ni ngumu kupata. Lakini katika mji huu, historia na muziki ni vigumu kutenganisha. Makampuni ya migodi na utawala wa Wabelgiji waliacha karatasi nyingi: hesabu za shaba, orodha za wafanyakazi, barua za wakubwa. Namna wafanyakazi wenyewe walivyoishi, walivyocheka na walivyolia, sehemu kubwa yake ilibaki ndani ya nyimbo.

Mfano ulio karibu zaidi ni Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika ukoo wa kifalme wa Bayeke. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akarekodi wimbo wake "Masanga". Gitaa lake lilisikika hadi Nairobi, ambako alifanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1969 akapiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari huko Zambia.

Mwanafunzi wa historia peke yake atayasoma maisha hayo na kuona barabara za kazi zilizounganisha Katanga, Zambia na Kenya. Lakini hataweza kueleza kwa nini vidole viwili tu, gumba na cha shahada, vilitoa sauti kama ya watu wawili wanaopiga pamoja. David Rycroft ndiye aliyekaa chini akaliandika gitaa hilo kwa noti, katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962. Noti nazo, zikiwa peke yake, hazisemi kijana wa Bunkeya alitafuta nini katika mji wa migodi. Hapo anahitajika mwanahistoria.

Joseph Kiwele ni mfano wa pili. Alikuwa mtunzi wa muziki, na ndiye aliyetunga "La Katangaise", wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe. Katika serikali hiyo hiyo alikuwa waziri wa elimu, mpaka alipofariki mwaka 1961. Anayeusoma wimbo huo kama muziki tu ataona sauti za kwaya. Anayeusoma kama siasa tu hatasikia kilichowafanya watu wasimame na kuuimba.

Njia hii ya kusoma si mpya katika Afrika ya Mashariki. Terence Ranger, aliyefundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alitoa mwaka 1975 kitabu kizima kuhusu ngoma ya beni. Ngoma hiyo ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kwenye pwani ya Kenya, vijana wakiiga bendi za kijeshi. Vita ya kwanza ya dunia ikaisambaza pamoja na askari na wapagazi, kisha ikaingia katika miji ya migodi. Kwa kuifuata ngoma, Ranger alipata historia ya watu ambao ofisi za wakoloni hazikuwa na haja ya kuwasikiliza.

Lubumbashi nayo imekwisha kuanza. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na Bogumil Jewsiewicki wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, walianzisha mwaka 2000 mradi wa "Mémoires de Lubumbashi", unaokusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji. Mwaka 2003 kikatoka kitabu juu ya muziki wa miji ya Katanga, chini ya uongozi wa Jewsiewicki.

Ugumu uko kwenye mpangilio wa shule. Historia inasomwa UNILU, katika kitivo ambacho wanafunzi wanakiita Lettres. Shule kubwa ya Serikali ya muziki, Institut National des Arts, iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi, na treni haifiki. Kwa kijana wa Hewa Bora, njia iliyo karibu ni kuandikishwa katika historia, kuendelea kujifunza gitaa au noti katika kwaya ya parokia, kisha kuchagua muziki kama mada ya kazi yake ya mwisho wa masomo.

Na chakula? Hakuna anayeweza kuahidi mshahara. Lakini ualimu, redio na makumbusho vinahitaji watu wenye elimu hii. Desemba 2021, UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, nchi mbili za Kongo zilikuwa zimepeleka faili lenye maelezo ya asili na maisha ya muziki huo. Faili kama hilo haliandikwi na mpiga gitaa asiyejua historia, wala na mwanahistoria asiyejua kusikiliza.

Kinachobana zaidi ni wakati. Aliyekuwa na miaka 20 "Masanga" iliporekodiwa, leo angekuwa amepita miaka 90. Wazee wanaokumbuka nani alicheza wapi, na wimbo gani ulimtania bosi gani, wanapungua kila msimu wa mvua. Mwanafunzi mwenye simu ya kurekodi anaweza kuanza jioni hii nyumbani kwa babu yake, kabla hata ya kuandikishwa.