Sumu Isiyokufa Jikoni

Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa. Novemba 2021 Pemba ilikuwa imeshazika watu saba kwa kitoweo hichohicho. Sisi wa Shangani, Mtwara, tusidhani msiba huo ni wa wenzetu tu: kasa wanataga Msimbati, jirani kabisa.

Kasa hazaliwi na sumu. Wataalamu wanaamini anaipata malishoni, katika mwani na bakteria wa kijani-buluu wanaonasa kwenye majani ya baharini. Yeye haimdhuru, anayemla ndiye anayekufa, na hata mtoto anayenyonya hudhurika kwa maziwa ya mama aliyekula.

Samaki wa mwambani nao wana sumu yao, siguatoksini. Hutokana na viumbe vya jamii ya mwani visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi juu ya mwani mkubwa na matumbawe yaliyokufa. Kangaja hula mwani huo, chewa na mkunga humla kangaja, na kila anayekula mwenzake hurithi sumu yake. Ndiyo maana chewa mkubwa ni wa kuogopwa kuliko mdogo. Inaniuma kwamba baruti za wavuvi zimevunja miamba mingi ya pwani yetu: kila tumbawe lililokufa linaweza kuwa makao mapya ya viumbe hivyo.

Neva hupitisha taarifa kwa kufungua na kufunga vijilango vya sodiamu. Siguatoksini huviacha wazi. Midomo na vidole hufa ganzi, na maji ya baridi huhisiwa yanaunguza. Sumu nyingine, saksitoksini, inayoweza kukaa ndani ya chaza na kombe, huviziba, misuli ya kupumulia ikalegea.

Kuchemsha, kukaanga, ndimu, chumvi, barafu: hakuna kinachoziua sumu hizi. Hazina harufu wala ladha, na samaki aliyevuliwa alfajiri ya leo anaweza kuwa nazo. Dawa ya kuziondoa mwilini haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua hadi zitoke zenyewe.

Kasa analindwa na sheria, usimle kabisa. Chewa mkubwa usile kichwa, maini wala mayai yake. Ukihisi ganzi midomoni baada ya kula, usisubiri kukuche. Nenda Hospitali ya Ligula, mweleze daktari ulichokula, na kipande kilichobaki uende nacho.