Makaa Yasiyotoa Moshi

Kuanzia Juni hadi Agosti, jua likishazama, baridi huteremka upesi Molo, Elburgon, Mau Narok na Olenguruone. Usiku kipimo hushuka chini ya nyuzi 10, na kukicha ukungu bado umefunika mashamba ya viazi. Nakuru mjini, mita 1,850 hivi juu ya bahari, kuna nafuu kidogo, ila anayelala katika chumba cha mabati huko Rhonda au Kaptembwa haioni nafuu hiyo. Huu ndio msimu ambao githeri ikishaiva nje, jiko huingizwa ndani na makaa yaliyobaki, mlango ukafungwa, watu wakalala. Ndio msimu pia ambao, mwaka baada ya mwaka, tunasoma habari za watu waliolala wazima na kukutwa asubuhi wamekufa, jiko likiwa kando ya kitanda.

Kinachowaua ni gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi pua au koo. Vifo hivi vinazuilika karibu vyote, lakini mtu hajikingi na kitu asichokielewa. Kwa hiyo sura hii inaifuata gesi hii tangu inapozaliwa ndani ya jiko hadi inapoingia katika damu, kisha inaeleza jinsi ya kuikwepa.

Jikoni gesi inakozaliwa

Makaa ni mti uliochomwa kwa kunyimwa hewa. Katika tanuri lililofunikwa kwa udongo, maji, utomvu na vitu vingine vinavyoleta moshi hutoka kwanza, na kinachosalia ni kaboni karibu tupu. Ndiyo maana makaa hayachomi macho kama kuni. Moshi wa kuni ni adui wa mapafu, na umedhuru akina mama wengi waliopika ndani yake miaka na miaka, lakini unajitangaza. Ukizidi, macho hutoka machozi, kifua hubana, na mtu hufungua mlango bila kuambiwa. Makaa yamepoteza moshi huo, na pamoja nao yamepoteza onyo. Gesi yenyewe imebaki.

Hewa huingilia chini ya jiko na kukutana na makaa yanayowaka. Hapo kaboni moja hushikana na oksijeni mbili, ikawa kaboni dioksidi. Gesi hiyo hupanda katikati ya makaa yenye moto mkali, na kila molekuli yake inayokutana na kaboni nyingine hugawana nayo oksijeni: zinakuwa molekuli mbili za kaboni monoksidi, kila moja na oksijeni moja tu. Ikifika juu na kukuta joto na hewa ya kutosha, kaboni monoksidi huwaka na kurudi kuwa kaboni dioksidi. Ule mwali mdogo wa buluu unaochezacheza juu ya makaa ni kaboni monoksidi inayoungua mbele ya macho yako.

Mwali huo unapotoweka, watu wengi huona kuwa hatari imepita. Kwa kweli gesi inaendelea kutengenezwa chini ya majivu. Imekosa tu joto la kuiteketeza, na sasa inatoka nzima kuingia chumbani. Nyumba nyingi hufuata kanuni ya kuwasha jiko nje, kungoja moshi uishe, kisha kuliingiza makaa yakiwa mekundu. Kanuni hiyo inalinda macho na nguo. Uhai haiulindi.

Jiko lenye kikombe cha udongo ndani, lililoenea Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, limewasaidia wengi kwa kuwapunguzia gharama ya makaa. Hata hivyo udongo ule huhifadhi joto tu. Makaa yaliyomo yanatoa gesi ileile, na kulala nalo ni hatari ileile.

Hesabu ya chumba cha kumi kwa kumi

Kilo moja ya makaa ikiungua katika jiko la kawaida hutoa takriban gramu 200 za kaboni monoksidi. Kiasi hubadilika kulingana na jiko na makaa yenyewe, lakini kwa hesabu yetu kinatosha. Chukua chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, chenye kimo cha mita mbili na nusu. Ndani yake mna mita za ujazo 23 hivi za hewa. Tuseme makaa yaliyobaki baada ya kupika ni robo kilo tu. Yakiisha yatakuwa yametoa gramu 50 za gesi, yaani zaidi ya miligramu 2,000 katika kila mita ya ujazo, iwapo hakuna kinachovuja.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba hewa ya ndani ya nyumba isizidi miligramu 35 kwa mita ya ujazo kwa muda wa saa moja. Chumba chetu kimeupita mpaka huo zaidi ya mara 50. Hata tukisema sehemu tisa kati ya kumi zimepenya nje kupitia nyufa za mlango na paa, iliyobaki ni takriban mara sita ya kiwango hicho, na aliyelala hapumui kwa saa moja tu. Atapumua hewa hiyo hadi alfajiri.

Ujenzi nao umebadilika. Nyumba ya udongo na nyasi ilivuja hewa kila upande. Chumba cha mawe kilichopigwa plasta, chenye dirisha la chuma na kioo, huvuja kidogo mno, na matundu ya hewa aliyoyaacha fundi juu ya dirisha mara nyingi huzibwa kwa vitambaa au magazeti baridi inapoanza. Kila tunachokifanya kuhifadhi joto kinahifadhi na gesi.

Ndani ya damu

Oksijeni husafirishwa mwilini na hemoglobini, ile protini inayozipa chembe za damu wekundu wake. Ichukue kuwa gari la abiria lenye viti vinne, linalopakia mapafuni na kushusha kwenye ubongo, moyo na misuli. Kaboni monoksidi hung'ang'ania viti hivyo kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 hadi 250. Gari linaendelea na safari zake, lakini viti vimekaliwa na abiria asiyeshuka. Baya zaidi, anapokalia kiti kimoja, oksijeni iliyo katika viti vinavyobaki nayo hushikiliwa zaidi na kukawia kushuka. Mwili unakosa hewa mara mbili: inayopakiwa ni haba, na hiyo haba haiachiliwi.

Kwa sababu ya mvuto huo, gesi kidogo tu hutosha. Hewa yenye sehemu moja ya kaboni monoksidi katika kila sehemu elfu moja inaweza, baada ya saa kadhaa, kuteka karibu nusu ya hemoglobini yote. Mfaransa Claude Bernard alieleza katika miaka ya 1850 jinsi gesi hii inavyoipokonya oksijeni nafasi yake. Baadaye Mskoti John Scott Haldane aliipumua yeye mwenyewe ili aandike dalili zake. Mwaka 1896, baada ya mlipuko katika mgodi wa Tylorstown, Wales, Haldane alionyesha kwamba wachimbaji wengi waliokufa waliuawa na gesi hii iliyofuata mlipuko, wala si mlipuko wenyewe.

Wakazi wa nyanda za juu wana sababu ya ziada ya kujihadhari. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari, na huko kila pumzi huleta takriban robo tatu tu ya oksijeni ambayo mtu angeipata Mombasa. Mwili wa mkazi wa Molo umejizoesha kuishi hivyo, lakini akiba yake ni ndogo. Gesi inayompa mtu wa pwani maumivu ya kichwa yaweza kumwangusha aliyeko Mau. Mjamzito ana hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hemoglobini ya mtoto tumboni huishika kaboni monoksidi kwa nguvu kuliko ya mama. Mama anaweza kupona na mtoto akapotea.

Kwa nini hawakimbii

Watu huuliza, mbona hawakuamka wakafungua mlango? Gesi hii haimkabi mtu. Hisia ya kukosa pumzi huletwa hasa na kaboni dioksidi inayolundikana mwilini, na hapa hailundikani, maana mtu anaendelea kupumua vizuri. Kwanza huja kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Halafu akili huchanganyikiwa na miguu kuishiwa nguvu. Anayezinduka usiku akijua kuna jambo lisilo sawa huenda asiweze kupiga hatua tatu kuufikia mlango. Aliyelala usingizi mzito, au aliyekunywa pombe, huenda asizinduke kamwe.

Dalili za mwanzo hufanana na za malaria, mafua au chakula kibovu, na wengi hunywa dawa za homa na kurudi kulala katika chumba kilekile. Zipo alama za kutofautisha. Ukiona watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, hawana homa, na wanapata nafuu wakitoka nje, shuku jiko kwanza. Mhudumu wa afya naye akumbuke kwamba kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni hakiwezi kutofautisha hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa anayekufa kwa kukosa oksijeni. Kipimo cha kutegemewa ni cha damu, au kifaa kilichotengenezwa mahsusi kwa gesi hii.

Imani zinazodanganya

Wapo wanaoweka beseni la maji karibu na jiko wakiamini litanyonya gesi. Kaboni monoksidi huyeyuka kidogo sana katika maji, na beseni hilo halibadilishi chochote. Wengine husema gesi hutua chini, basi anayelala kitanda cha juu yuko salama. Uzito wake unakaribia sana ule wa hewa, tena ni mwepesi kidogo, na joto la jiko huisambaza chumba kizima. Inayotua chini ni kaboni dioksidi, iliyo nzito kuliko hewa. Ndiyo inayojikusanya mabondeni karibu na Goma, katika mashimo ambayo wenyeji huyaita mazuku. Mivuke ya volkeno inayotoka ardhini Menengai na Olkaria nayo hubeba zaidi kaboni dioksidi, pamoja na gesi yenye harufu ya yai bovu. Gesi ya mtungi, kwa upande wake, hutiwa harufu kiwandani ili ikivuja tuijue. Kaboni monoksidi hakuna aliyeitia harufu. Ukingoja kuinusa, utangoja bure.

Hatari hii haiishii chumbani pa kulala. Mfugaji wa kuku wa Njoro au Bahati hupasha joto chumba cha vifaranga kwa jiko la makaa, na mara nyingine yeye au kijana wake hulala humo kuwalinda. Ndege hupumua kwa kasi na hulemewa na gesi kabla ya mtu. Ndiyo sababu migodi ya Uingereza ilitumia ndege wadogo kama kipimo hadi mwaka 1986. Vifaranga wakianza kulegea wengi kwa pamoja, aliye humo atoke kwanza, achunguze baadaye. Mlinzi wa usiku katika kibanda cha mabati, dereva wa lori anayelala na jiko ndani ya gari, na mwenye duka anayewasha jenereta ndani ya stoo, wote wanavuta gesi moja.

La kufanya

Jiko lipike nje au mahali penye hewa inayopita, na lisilale ndani na watu, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Dirisha lililofunguliwa kidogo hupunguza gesi, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba linatosha kwa usiku mzima. Joto la kulalia litafutwe katika blanketi, soksi na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa. Mwenye nyumba za kupanga aache matundu ya hewa na atenge mahali pa kupikia penye paa, kwa kuwa mpangaji asiye na pa kupikia mvua ikinyesha ataliingiza jiko ndani. Mfugaji aweke jiko lake nje ya chumba cha vifaranga, na bomba lipeleke moshi nje. Mwenye uwezo anunue kigunduzi cha kaboni monoksidi; kile cha moshi hakiitambui gesi hii.

Ukikuta watu wamezirai, fungua mlango na madirisha huku umebana pumzi, uwavute nje, kisha utoe jiko. Usikae ndani kuwaamsha. Asiyepumua apewe huduma ya kwanza ya kumrudishia pumzi na mapigo ya moyo, huku mwingine akipiga 999 au 112. Usimnyweshe maziwa: hayaondoi gesi katika damu, na aliyezirai yaweza kumpalia. Dawa ni oksijeni. Katika hewa ya kawaida, nusu ya gesi hutoka katika damu baada ya saa nne hadi sita. Kwa oksijeni safi ya hospitali, baada ya saa moja na nusu hivi. Hata aliyejisikia vizuri apelekwe, maana kupoteza kumbukumbu, kuyumba anapotembea na kubadilika tabia huweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye.

Kati ya yote haya, jambo moja lafaa kufundishwa watoto kabla ya Juni kuingia: makaa yaliyoacha kutoa moshi hayajaacha kutoa sumu. Anayelijua hilo halihitaji onyo la harufu wala la macho. Jiko lake litabaki nje ya mlango, usiku uwe baridi kiasi gani.