PIKIPIKI YA CHAMA NA BETRI ISIYOKAA: KUBADILI NYAYA ZA CHAJI



Katika vyama vya msingi si vichache, pikipiki ya chama ina umri mkubwa kuliko karani anayeiendesha. Msimu wa pamba ndiyo inayomchukua Katibu kutoka Kabasa hadi Bunda akiwa na vitabu vya mizani. Mara nyingi hurejea giza limekwisha kuingia, na taa inawaka kwa wekundu wa kaa linalozimika. Hapo hukumu hutolewa upesi: betri imekufa, inunuliwe nyingine. Baada ya miezi michache Kamati huombwa fedha za betri ya tatu.

Kabla ya kupitisha fedha hizo, Kamati imtake fundi apime. Betri njema ya volti 6 iliyojaa huonyesha kiasi cha 6.3 injini ikiwa imezimwa, na injini ikienda mwendo wa kati sharti ipande hadi kama 7. Ikiwa betri njema imefungwa na mita haipandi, kosa si la betri. Inakufa kwa njaa.

Asili ya njaa hiyo ni hii. Pikipiki nyingi ndogo za Japani za miaka ya 1970 zilitumia umeme wa volti 6. Gurudumu la sumaku linapozunguka, koili hutoa umeme unaokwenda na kurudi, hali betri hupokea wa upande mmoja tu. Kwa hiyo huwekwa rektifaya, yaani mlango wa njia moja. Lakini ncha moja ya koili imelehemewa kwenye bodi, na mlango ni mmoja: umeme wa kwenda hupita, wa kurudi huzuiwa. Nusu ya kazi ya koili haifiki kwenye betri.

Dawa ni kuiachisha koili na bodi. Fundi hufungua kifuniko cha sumaku, huitenga ncha iliyolehemewa kwenye chuma, huiungia waya mpya na kuutoa nje pamoja na ule wa zamani. Nyaya hizo mbili huingia katika regyuleta ya volti 12 yenye nyaya nne, ambayo ndani yake mna rektifaya kamili. Zinazotoka ni mbili: chanya kwenda betri kupitia fyuzi, na hasi kwenda betri na bodi.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ncha ya koili ikisahauliwa kwenye bodi, umeme utajizungusha ndani kwa ndani na koili itapata moto hadi iungue. Basi mita ipimwe kati ya kila waya wa koili na bodi. Pasiwe na njia hata kidogo. Taa kubwa nayo, ambayo katika pikipiki nyingi za namna hii hula moja kwa moja kwenye koili, ihamishiwe kwenye betri. Koili ya moto wa plagi isiguswe, na fundi auangalie kwanza mchoro wa nyaya wa pikipiki ile ile, kwa maana hazikufungwa zote sawa.

Betri, balbu zote, honi na flasha ya indiketa viwe vya volti 12. Balbu moja ya 6 ikiachwa itaungua mara swichi iwashwapo. Tena koili haikuongezwa ukubwa. Afadhali taa kubwa iwe ya LED, isiyokula umeme mwingi. Viungo vilehemewe kwa risasi na kufungwa imara, kwani waya uliosokotwa kwa vidole hauvumilii mtikisiko wa barabara zetu. (Tepu si kiungo, ingawa wapo wanaoiamini.)

Kazi ikiisha, mita isome kati ya 13.5 na 14.5 kwa mwendo wa kati. Injini ikizunguka polepole isitarajiwe kuchaji sana. Ikipita 15, injini izimwe na regyuleta ikaguliwe, maana maji ya betri yatachemka. Katibu aandike vipimo hivyo na tarehe katika daftari la pikipiki, pamoja na rangi ya waya mpya uliotolewa kwenye koili, ili fundi ajaye asiurudishe kwenye bodi.