Mashini ya joto la jua: vipande vyake, na maswali ya kuuliza mbele ya kununua

Ndugu wanamemba, siku mazutu inapokosekana, mulini inalala na mihogo inabaki ndani ya gunia. Ni haki kuuliza: joto la jua linaweza kuzungusha mulini yetu? Jibu ni ndiyo. Lakini mbele ya kugusa sanduku la koperativi, tujue mashini hiyo inafanya kazi namna gani.

Vipande vitano

Si sawa na pano ya sola. Pano inageuza mwangaza kuwa umeme moja kwa moja, bila kipande kinachozunguka. Mashini ya joto inahitaji:

1. Vioo vilivyopindwa, vinavyokusanya jua mahali pamoja. Sherti vigeuzwe kufuata jua mchana kutwa.
2. Bomba jeusi linalopokea joto. Ndani mnapita maji au mafuta.
3. Mota. Mvuke unasukuma pistoni au turbini.
4. Kipoza, sawa radiateri ya gari. Kinarudisha mvuke kuwa maji.
5. Dinamo, inayotoa umeme.

Watu wengi wanasahau kipoza. Lakini nguvu ya mota inatoka katika tofauti kati ya moto na baridi. Tofauti ikiwa ndogo, nguvu ni ndogo.

Imefanyika wapi?

Katika 1913, Mmarekani Frank Shuman aliweka vioo vya namna hii Maadi, karibu na Cairo, kwa kupandisha maji ya Nili mashambani. Marokko ilifungua kiwanda kikubwa Ouarzazate katika 2016. Angalia vizuri: pale ni nchi kavu, mbingu nyeupe. Vioo vinakusanya tu jua linalopiga wazi. Wingu likipita, mota inapungua. Kwetu Maniema, miezi ya mvua ni mingi.

Tupige hesabu

Mvuke wa digrii 100 ukipozwa mpaka 30, hata mota bora kabisa haiwezi kutoa zaidi ya sehemu 19 kwa 100 za joto. Mota ya kweli inatoa chini ya hapo. Tuseme 10. Jua kali linaleta karibu wati 1000 kwa kila meta ya mraba. Basi mulini ya kilowati 7 inaomba meta 70 za vioo, vinavyofutwa vumbi na kugeuzwa kila siku. Pano nzuri inatoa karibu 20 kwa 100: meta 35 zinatosha saa ya jua kali, na hakuna pistoni ya kuharibika.

Hatari

Mtu asijaribu kufunga pipa la mazutu na kuchemsha maji ndani yake. Mvuke uliofungwa unapasua chuma na kuua. Bila valvu ya usalama na kipimo cha nguvu ya mvuke, mashini isiwashwe.

Muuzaji akikuja, mumuulize:

- Siku ya mawingu inatoa kilowati ngapi?
- Vipande vya kubadilisha vinapatikana wapi, na kwa siku ngapi?
- Fundi gani wa hapa anaweza kuitengeneza?
- Ataizungusha mulini mbele yetu, na mihogo ndani, mbele ya kulipwa?

Kwa sasa, joto la jua lina faida ya haraka katika kukausha mpunga na mihogo. Kwa umeme, tuanze kuuliza bei ya pano.